Salamu ya Tisa

Asubuhi ya kwanza ya ndoa yake, Hulkar alisimama uani kwa wakwe zake akiwa amefunikwa shela jeupe kutoka utosini hadi kiunoni, na kitu pekee alichokiona vizuri ni ncha za viatu vyake. Kulia alishikwa mkono na wifi yake, kushoto na Turgunoy, shangazi wa mumewe. Mbele yao alisimama mama mmoja mwenye sauti nzuri, ambaye kazi yake ilikuwa kuita majina ya jamaa wa bwana arusi, mmoja baada ya mwingine, kwa maneno ya vina na utani. Kila jina lilipoitwa, bibi arusi aliinama kumsalimu mwenye jina. Hivyo ndivyo wanawake wote wa Marghilan, mji wa hariri kule Uzbekistan, walivyoingia kwenye nyumba za waume zao.

"Shingo tu," mama yake, Robiya, alikuwa amemwambia siku mbili kabla, huku akimchana nywele. "Inamisha shingo, mgongo uache ulivyo. Shela litaficha yaliyobaki. Na usiinuke haraka, mwanangu. Nakuomba, usiinuke haraka."

Basi Hulkar aliinamisha shingo. Alimsalimu babu asiyesikia, ambaye ilibidi aguswe bega ili ajue kuwa amesalimiwa. Alimsalimu ami aliyesahau meno yake ya bandia kwenye karamu ya jana, na mwita majina akatangaza kwamba meno yale yalikutwa bado yanatafuna. Watu walicheka. Hulkar naye alicheka kimyakimya chini ya shela, na akaanza kuamini kwamba siku itapita salama.

Salamu ya tisa ilikuwa ya Hosiyat, mama yake Doniyor, bwana arusi.

Kupitia upindo wa shela Hulkar aliiona miguu ya mama mkwe wake. Ilikuwa imevaa viatu vya mpira vilivyooshwa alfajiri ile, kwani bado vilikuwa na matone. Huyu ndiye mwanamke aliyefiwa na mume akiwa na miaka ishirini na tisa, akamlea Doniyor kwa kuoka mikate ya kuuza. Doniyor alikuwa amemsimulia yote. Hulkar alijikuta anaona haya kumpunja mwanamke huyu salamu. Kwa ajili ya mtu aliyempenda kuliko macho yake mwenyewe, aliinama kama wanavyoinama mabibi arusi wengine wote, mgongo mzima, mpaka shela likagusa ardhi.

Alipoinuka, ua ulizunguka. Ndani ya kifua chake kitu kilijifunga, kama mlango uliosukumwa na upepo. Alitaka kumwambia Turgunoy amshike vizuri, lakini sauti haikutoka, na halafu hakukuwa na ua wala watu.

Alizindukia chumbani, na maneno ya wanawake yalikuwa yakipita mlangoni kana kwamba yeye hayupo. Shangazi Turgunoy alikuwa na hakika ni kifafa. Mwingine akasema labda ni mimba.

"Tangu jana?" mtu akauliza, na kicheko kikafuata.

Hosiyat hakucheka. Mwana aliitwa, na Robiya naye aliitwa, na mbele ya wote Hosiyat akamuuliza mkwe mwenzake swali moja tu, kama binti huyu aliwahi kuanguka kabla ya siku ya leo. Robiya alikuwa mwanamke wa kuweza kuficha jambo, lakini si wa kusema uongo usoni mwa mtu. Alianza kulia. Kila aliyekuwa pale akapata jibu lake.

"Ungeniambia ningemchukua hivyo hivyo alivyo," Hosiyat alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia, si ya mtu mwenye hasira. "Nisingemwacha. Lakini mmenificha, Robiya. Mmekula mkate wangu na mkanificha."

Adhuhuri Hulkar alirudishwa kwao akapumzike. Neno lilikuwa hilo, apumzike, na hakuna aliyelielewa vibaya. Doniyor alisimama langoni akiwa bado na koti lake la harusi, ami zake wawili wakiwa wamemshika mikono, na macho yake yalilifuata gari mpaka lilipopinda kona. Masanduku ya bibi arusi yalibaki kule. Hilo ndilo lililokuwa tumaini lake pekee, kwa kuwa masanduku yakirudi, ndoa huwa imekwisha.

Siku kumi zilipita bila habari. Siku ya kumi na moja Doniyor akaja.

Alikuja kwa mlango wa nyuma, mikono ya shati imekunjwa, amebeba mkoba wake wa vifaa kama mtu aliyeitwa kutengeneza kitu. Mkwe mpya haingii nyumbani kwa mkewe mpaka baba mkwe amwalike kwa karamu, na Kobil, baba yake Hulkar, aliyekuwa akinywa chai kwenye kitanda kipana cha uani, hakujua asimame au ajifiche. Alianza kwa kumwambia kwamba hawajamwalika. Kisha akamwona alivyokonda.

"Umekula?" akamuuliza.

Doniyor alisema amekula, jambo ambalo halikuwa kweli, na akaomba ruhusa azungumze na mkewe. Kobil alichukua birika lake akahamia upande wa pili wa ua. Robiya naye alikaa huko na sinia la mchele, akachambua chuya kwenye mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Hulkar alikaa ukingoni mwa kitanda na kujifunika mtandio vizuri. Macho yao yalikutana, akayainamisha yake. Siku kumi na moja alikuwa amejiandaa kwa lawama. Alikuwa ametunga majibu, na yote yalimpotea.

"Masanduku?" alinong'ona.

"Yapo. Shangazi aliagiza gari lije kuyabeba. Nililitoa betri."

"Doniyor-aka," alimkemea, kwa neno la heshima ambalo mke humwitia mume.

"Atalipata. Nimemwambia betri linahitaji kuchajiwa mwezi mzima." Akamkazia macho. "Unaanguka wakati gani?"

Hakuuliza kwa nini hukuniambia. Hakuuliza ni ugonjwa gani. Alisogea karibu kidogo.

"Mashine ikikorofisha siulizi ina tabia gani," alisema. "Nauliza inakorofisha wakati gani."

"Mimi si pampu."

"Najua. Pampu ingekuwa imeshaniambia."

Alicheka bila kutaka, na kicheko kikafungua kile ambacho machozi hayakuweza. Alimweleza yote, polepole, kwa sauti ya chini. Alimweleza kwamba huanguka akiinama kisha akainuka, anapoosha nywele, au anapotoa nyuzi za hariri kwenye pipa la rangi kule karakana alikofanya kazi. Akiinuka kutoka kwenye sijida giza humjia machoni, hivyo mwaka mzima amekuwa akiswali ameketi, mlango umefungwa, kama bibi kizee, ili baba yake asimwone. Usiku akilalia ubavu wa kushoto pumzi humwishia akakohoa, na akigeukia kulia pumzi humrudia kana kwamba hakukuwa na jambo. Jioni nyingine homa humpanda, asubuhi haipo. Viungo vya vidole humuuma. Daktari wa mtaani alisema ni upungufu wa damu, mwingine akasema baridi imeingia kwenye mifupa, na wa tatu akamwambia mama yake kwamba msichana akiolewa yatakwisha.

"Na moyo," alisema, kisha akaacha.

"Moyo una nini?"

"Unagonga. Ulianza majira yale ulipokuja karakana kutengeneza pampu ya maji ya rangi." Uso ulimwiva. "Wenzangu waliniambia ni ugonjwa wako. Kila nilipokonda walisema, Doniyor anamla mtoto wa watu. Na mimi nilidhani ni wewe."

Doniyor aliuchukua mkono wake, jambo ambalo Kobil kule ng'ambo alilazimika kujifanya hakuliona, na akaviangalia vidole. Ncha zake zilikuwa na ubluu hafifu, karibu na kucha.

"Ni rangi," Hulkar alisema haraka, kwa namna alivyozoea kumjibu kila mtu. Wafunga nyuzi wote wa Marghilan, wanaofunga hariri mafungu kabla ya kuichovya rangini, wana vidole hivyo. Hakuna anayeviangalia mara mbili, hata wenyewe.

Doniyor alifungua mkoba, akatoa kopo la sabuni ya mchanga ambayo mafundi hutolea grisi, akamwongoza mpaka bombani. Alimsugua kidole kimoja kimoja, taratibu, kwa mikono yake mikubwa. Maji yalitiririka meupe. Alirudia. Maji bado yalikuwa meupe, na ubluu ulikuwa pale pale.

"Mara ya mwisho kugusa rangi ilikuwa lini?"

Hulkar alihesabu. Aliacha kazi wiki mbili kabla ya harusi. Ulikuwa unakaribia mwezi.

Wote wawili walivitazama vidole vile. Kule ng'ambo Robiya aliacha kuchambua mchele. Alikuja na kuushika mkono wa binti yake, akausugua yeye mwenyewe kwa upindo wa gauni, kwa nguvu, kama anayemsafisha mtoto mchafu, na rangi ilipokataa kutoka akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimwambia kila siku anawe mikono.

Kesho yake waliondoka kwenda Tashkent kwa teksi ya abiria. Robiya alikaa mbele, na wao nyuma. Gari lilipopanda mlima wa Kamchik pumzi zilianza kumpungua, na Doniyor, bila kuuliza, akamlaza kwa ubavu wa kulia, kichwa kikiwa juu ya paja lake. Abiria wa nne, mtu wa makamo aliyebeba ndoo ya matunda ya cheri, alitazama nje ya dirisha kwa heshima mpaka mlima ukaisha. Hulkar alifumba macho. Ilikuwa mara ya kwanza tangu usiku wa harusi kuwa karibu naye kiasi kile, na aliona haya kwamba, pamoja na hofu yote, alikuwa anatamani mlima uendelee.

Daktari Yakubova alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, na alikuwa wa kwanza kumsikiliza Hulkar mpaka mwisho. Alimsikiliza moyo akiwa ameketi, akiwa amelala, amegeuka kulia, amegeuka kushoto. Kwa kushoto aliganda na kile kifaa masikioni kwa muda mrefu. Kisha akampaka mafuta ya baridi kifuani na kuwasha kioo cha altrasaundi, akakigeuza ili wote waone.

Ndani ya moyo, katika vivuli vinavyofunguka na kufungika, kulikuwa na kitu kinachocheza. Kilikuwa kama tunda la zabibu linaloning'inia kwenye kikonyo chake. Kila moyo ulipopiga, kilibembea kikaja mlangoni mwa chumba, kikarudi.

"Huyo ndiye mchokozi wako," daktari alisema. "Ukiinuka ghafla, anaziba mlango na damu haipiti. Ukigeukia kulia, anaondoka njiani. Homa, viungo, kukonda, vyote vyake. Na vipande vidogo vidogo vinamegeka vinaenda mpaka kwenye vidole."

Robiya aliuliza neno ambalo hakutaka kulitamka. Daktari akatikisa kichwa. Alisema uvimbe wa namna hii kwa kawaida si saratani. Ukitolewa wote, mtu huendelea na maisha yake. Lakini usiachwe hata wiki, kwa sababu kipande kikubwa kikimegeka kikaenda kwenye ubongo, hapo hataweza kuahidi kitu. Ingebidi kifua kifunguliwe na moyo usimamishwe kwa muda, mashine ifanye kazi yake. Upasuaji ungekuwa keshokutwa.

Jioni ya kabla ya upasuaji walikaa kwenye benchi la ukumbi wa wodi. Robiya alikuwa ameenda kuswali. Hulkar alikuwa ametulia kwa namna iliyomtisha Doniyor.

"Niache leo," alisema. "Uniache kwa heri, mbele ya mashahidi, niingie mle nikiwa binti wa Kobil tu. Nikifa utakuwa mgane wa siku moja. Mama yako ataambiwa alijiletea mkosi ndani. Ametaabika vya kutosha."

"Umemaliza?"

"Na nisipokufa nitakuwa na kovu mpaka hapa. Na sijui kama nitazaa. Umri wako ni mdogo, utapata mwingine."

Doniyor alisimama, akatembea mpaka mwisho wa ukumbi, akarudi. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. Hulkar hakuwahi kumwona amekasirika.

"Nijibu moja," alisema. "Unataka nikuache, au unataka nikwambie kwamba sitakuacha?"

Hulkar alivikunja vidole vyake vya bluu ndani ya kiganja.

"La pili," akasema.

"Basi sema hivyo tangu mwanzo. Sitakuacha."

Akaketi tena. Hulkar akaegemea bega lake, na baada ya muda akauliza jambo lililokuwa likimkaa rohoni tangu kwenye kioo. Je, wakikitoa kile kitu, na moyo ukatulia, hautagonga tena akimwona?

"Ukitulia nitaanza upya," Doniyor alisema. "Pampu yenu ya karakana bado mbovu. Niliiacha hivyo makusudi."

Hapo ndipo Hulkar alipomuuliza kama Hosiyat anajua wako wapi. Doniyor akapangusa kiatu kisichokuwa na vumbi. Alikuwa amemwambia anakwenda Tashkent kununua vipuri, na alikusudia kumweleza mambo yakishakwisha, kwa nini ateseke bure.

"Tena siri?" Hulkar alisema. Aliunyosha mkono wake wenye vidole vya bluu. "Lete simu."

"Hulkar, usiku wa leo upumzike."

"Nimepumzika siku kumi na moja. Lete simu."

Hosiyat alipokea. Hulkar alimsalimu kwa jina la mama, akamwambia yuko hospitali na Doniyor yuko naye. Alimwambia kuhusu kioo na lile tunda la zabibu, na kwamba kesho asubuhi atapasuliwa moyo. Kisha akamwambia lililo gumu kuliko upasuaji. Alisema alijua kwamba anaumwa. Hakujua ni nini, lakini alijua, na alinyamaza kwa sababu aliogopa kumkosa mwanawe. Mama yake mzazi asilaumiwe peke yake. Aliomba radhi. Alisema anaogopa.

Upande wa pili ilisikika pumzi, na moto wa tanuri la mikate. Halafu simu ikakatika.

Doniyor alitaka kupiga tena, akamzuia. Alikuwa amesema kweli yote, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili hakuwa na kitu cha kukumbuka kuficha. Alilala usingizi usiku ule.

Alipofumbua macho hakujua ni siku gani. Kulikuwa na mirija kila mahali na kiu kali mdomoni. Kifua kilikuwa kizito kama kimewekewa jiwe, lakini hewa iliingia, ikaenda mpaka chini kabisa, mahali ambapo haikufika zamani. Juu yake palikuwa na uso wa Doniyor, amevaa joho la hospitali nyuma mbele na kofia ya kijani iliyomfunika nyusi. Alikuwa akimlowesha midomo kwa pamba, na machozi yanamtiririka wazi bila kuyafuta.

"Usicheke," alimwambia. "Daktari amekataza. Wametoa chote. Ni kama yai la kuku, amenionyesha. Si kibaya. Amesema si kibaya."

Hulkar alitaka kumgusa ile kofia, mkono haukufika. Kutoka nje ya mlango zilisikika sauti za wanawake wawili, moja ya kulia na nyingine kali.

"Nini hicho?" aliuliza kwa midomo tu.

"Muuguzi amesema baada yangu aingie mwanamke mmoja. Wako wawili." Doniyor alipenga kamasi kwenye mkono wa joho. "Mama alipanda gari usiku ule ule. Amefika kabla hujaingizwa ndani, lakini ulikuwa umeshachomwa sindano ya usingizi. Amekaa kwenye kiti kimoja saa sita, hakula, hakunisemesha. Sasa anasema mkaza mwana ni wa nyumba yake. Mama yako anasema alimzaa. Muuguzi ametishia kuita askari."

Muuguzi alichungulia, akasema dakika zimekwisha, na akauliza kwa uchovu amruhusu mama yupi.

Hulkar alimeza mate yaliyokuwa hayapo. Robiya angemsamehe. Robiya angemsamehe jambo lolote.

"Yule aliyenikasirikia," alisema.

Hosiyat aliingia na joho lililomburuza, akasimama miguuni pa kitanda bila kujua mikono aiweke wapi. Harufu ya mkate ilikuwa bado kwenye nguo zake. Mkaza mwana halali mbele ya mama mkwe wake aliyesimama, na Hulkar, kwa mazoea ya malezi, alijaribu kuinua kichwa.

"Tulia hapo hapo," Hosiyat alisema. Alivuta kigoda, akaketi karibu na mto, na baada ya kuhangaika na mirija akapata mahali pa kuweka kiganja chake, kwenye nywele. "Haya, mwambie mama yako. Wapi panauma?"

Hulkar akamwambia.